Treni inachoka upande wa mbali na mabehewa yanaanguka: nianze na kipi?

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Kaka yangu aliyeko Uingereza alinitumia seti ya treni ndogo ya kuchezea ya kipimo cha OO (1 kwa 76 ya treni halisi): kichwa kimoja cha magurudumu manne na mabehewa manne ya wazi. Nimeunga reli mviringo juu ya ubao, nikaongeza pointi moja (pale reli inapogawanyika) na njia ya pembeni. Upande wa mbali nimeinua reli ipite juu ya daraja, sentimita 4 kwa urefu wa mita 1. Karibu na waya za umeme treni hukimbia vizuri, lakini ikifika upande wa pili inachoka, na kwenye pointi mara nyingine huzima kabisa. Njia ya pembeni mara ina umeme, mara haina. Behewa tupu lina gramu 30. Nilipoyajaza mchanga wa pwani kila moja likafika gramu 140, na treni haipandi daraja tena. Nikiacha moja tupu katikati ya yaliyojaa, hilo ndilo linaloanguka konani. Nawaza kununua transfoma kubwa zaidi, au nitumie chaja ya laptopu. Wanangu wananidai treni kila jioni. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Transfoma usinunue bado, na chaja ya laptopu iache ifanye kazi yake. Sababu nitaieleza mwishoni. Una matatizo mawili yaliyoshikana. Umeme unapotea njiani kabla ya kufika upande wa mbali, na mzigo umezidi uwezo wa kichwa chako. Daraja nalo umelijenga hukohuko mbali, kwa hiyo pale umeme ulipo dhaifu ndipo kazi ilipo nzito. Ndiyo maana ukigusa kimoja unaona kama hakuna kilichobadilika.

Yatenganishe kwa macho kwanza. Treni ikikwama darajani, inama utazame magurudumu ya kichwa. Yakizunguka papo hapo bila kusogea, umeme unafika wa kutosha. Kinachokosekana ni mshiko juu ya reli, na dawa yake iko kwenye uzito. Yakiwa yamesimama huku mota inanguruma, au yakizunguka kwa unyonge, tafuta kasoro kwenye umeme. Jaribu hivyo ukiwa na mabehewa matupu, kisha yaliyojaa, na uandike ulichoona. Jaribio hili halina gharama na linaokoa ununuzi mwingi wa bure.

Tuanze na umeme, maana usipoutengeneza huo, vipimo vya uzito vitakudanganya.

Reli nyingi za OO ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mchanganyiko huo hupitisha umeme kwa shida zaidi ya mara 10 kuliko shaba tupu, ila kwa mviringo mdogo kama wako reli yenyewe si mkosaji mkuu. Mkosaji ni vile viungio vidogo vya bati vinavyoshika kipande kimoja cha reli na kingine. Hulegea kwa kuungwa na kufunguliwa, na kwa hewa ya Mombasa yenye unyevu na chumvi huota kutu na utando. Kiungio kimoja kikiwa na ukinzani (kizuizi cha umeme, hupimwa kwa omu) wa nusu omu, hutakihisi. Lakini umeme huenda kwa reli moja na kurudi kwa nyingine. Viungio vinne vya namna hiyo kwenda na vinne kurudi vinatimiza omu 4. Kichwa kinachovuta ampea 0.4 kitapoteza volti 1.6 kati ya 12. Kipakie mzigo, kivute ampea 0.7, kitapoteza 2.8. Umeona jinsi mchanga wako unavyoongeza tatizo la waya: behewa zito hudai ampea zaidi, na kila ampea inayoongezeka hulipiwa volti kwenye viungio vibovu.

Kupima, usiishie kuweka mita ya kupimia umeme juu ya reli tupu. Mita haivuti umeme karibu wowote, kwa hiyo itakuonyesha volti 12 kila mahali na utaamini reli ni nzima. Unahitaji mzigo wa umeme. Nenda duka la vipuri vya magari ununue balbu ndogo ya volti 12, wati 5, zile za taa za kuegeshea. Huvuta kama ampea 0.4, karibu sawa na kichwa chako. Ondoa treni yote relini. Funga balbu kwa waya mbili, reli hii na ile, upande wa mbali kabisa, na uitundike hewani isiguse mataruma (vile vibao vya plastiki vinavyoshika reli), kwa sababu hupata moto wa kuyeyusha plastiki. Weka mita kwenye volti za DC, fungua kontrola (kidude cha kuongezea mwendo) hadi usome 12 pale waya zinapoingia, kisha upime pale ilipo balbu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo unayopoteza.

Sasa tafuta inapopotelea. Umeme katika mviringo una njia mbili za kufika upande wa pili. Hilo ni jema kwa treni, lakini huficha ugonjwa, kwani upande mzima hubeba kazi ya upande mbovu. Fungua kiungo kimoja karibu na waya, upande wa kushoto, ili umeme upite kulia tu. Balbu ikiwaka, weka ncha moja ya mita kabla ya kiungio na ncha ya pili baada yake, juu ya reli ileile. Kiungio kizima kitasoma karibu na sifuri, labda volti 0.01 au 0.02. Kibovu kitasoma 0.2, 0.5, hata volti nzima. Kitie alama ya chaki na usonge mbele. Ukimaliza nusu hiyo, rudisha kiungo ulichofungua, fungua cha kulia, upime nusu ya pili. Pima na ile klipu inayoingiza umeme relini. Nayo huchafuka na kulegea kama viungio vingine.

Kiungio kibovu kivute kwa koleo, kibane kidogo ili kishike kwa nguvu, au weka kipya. Ila nakushauri usiridhike na hapo. Kwa nyumba ya pwani, viungio vitachafuka tena. Dawa ya kudumu ni kupitisha chini ya ubao waya mbili za shaba za milimita 1.5 za mraba, zile za taa za nyumbani, nyekundu na nyeusi, zikifuata mviringo. Kutoka hapo pandisha waya fupi nyembamba hadi relini kila baada ya vipande viwili vya reli. Reli ya nje iwe nyekundu daima na ya ndani nyeusi. Ukizibadilisha hata mahali pamoja, ni shoti. Unapochoma solda, kwangua ubavu wa nje wa reli hadi ung'ae, tumia solda ya mafundi redio yenye fluksi (dawa ya kushikisha solda) ndani yake, na fanya haraka ili mataruma yasilainike. Fluksi ya asidi ya mafundi bomba usiisogeze hapo. Hula shaba taratibu kwa miezi. Viungio vyenyewe viache bila solda, maana ubao hutanuka na kunywea msimu wa mvua na wa jua, na reli zinahitaji nafasi ya kucheza.

Reli nazo zisafishe kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya dawa ya kusafishia vidonda nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yataacha utando uleule unaoukimbia. Msasa huacha mikwaruzo inayohifadhi uchafu. Steelwool ni mbaya zaidi: vinyuzi vyake huvutwa na sumaku ya mota na kuiharibu. Kisha gusisha sumaku kwenye reli. Ikinata, reli zako ni za chuma, na hapo ulipo utazisafisha mara kwa mara, kwa hiyo anza kuweka akiba ya kununua nyingine. Magurudumu ya kichwa usiyasahau. Kichwa cha magurudumu manne hupokea umeme sehemu nne tu, na mbili zikichafuka umebaki na mbili.

Hiyo ndiyo sababu kinazima kwenye pointi. Pointi za seti nyingi za wanaoanza zina kipande cha plastiki pale katikati reli mbili zinapokutana, ili zisigusane na kuleta shoti. Juu ya plastiki hiyo gurudumu halipati umeme. Kichwa kirefu cha magurudumu sita au manane huruka bila kuhisi. Chako kifupi huhisi. Safisha magurudumu, safisha vile vibati vinavyoyagusa kwa ndani, hakikisha pointi imelala sawa bila kuinuka upande mmoja, na ipite kwa mwendo wa wastani. Kwa hali nyingi hiyo inatosha.

Njia ya pembeni ni nzima. Pointi za aina hiyo hupeleka umeme kule zilikogeuziwa tu: ukiigeuzia njia kuu, ya pembeni inakufa. Ni faida, kwa kuwa ukipata kichwa cha pili utakiegesha pale kisiondoke.

Sasa mzigo. Kichwa kidogo cha OO huwa na kama gramu 150, na huvuta kwa nguvu ya moja ya tano hadi robo ya uzito wake kabla magurudumu hayajateleza. Tukadirie nguvu ya gramu 35. Mabehewa yako manne yaliyojaa ni gramu 560. Kuyaviringisha tu kwenye reli tambarare hula kama asilimia 3 ya uzito, yaani gramu 17. Mwinuko wako wa sentimita 4 kwa mita 1 ni asilimia 4, unaongeza gramu 22, na kichwa kujipandisha chenyewe kinakula 6. Jumla 45. Kina 35. Hakitapanda, hata ukikipa umeme wote wa kituo cha kuzalisha umeme cha Kipevu, na ndiyo maana transfoma kubwa isingekusaidia.

Mimi huanza na gramu 25 kwa kila ekseli (mhimili wa magurudumu mawili), yaani gramu 50 kwa behewa la magurudumu manne. Hesabu ile ile inakuja: mabehewa gramu 200, kuviringika 6, mwinuko 8, kichwa 6, jumla 20. Kinapanda na akiba inabaki. Kipimo hicho kinapatana na ukweli pia. OO ni 1 kwa 76, na uzito hupungua kwa 76 mara 76 mara 76, yaani karibu 439,000. Behewa halisi la tani 20 likipunguzwa hivyo ni gramu 46. Wanao wakikuuliza mbona mzigo ni mwepesi, waonyeshe hesabu hiyo. Mwinuko nao ukiweza urefushe uwe sentimita 4 kwa mita 2. Utapunguza nusu ya kazi ya kupanda.

Kuanguka konani kunatokana na tofauti ya uzito zaidi kuliko uzito wenyewe. Katika kona mabehewa ya nyuma huvuta na kichwa huvuta, na viunganishi vyote hutaka kunyooka. Behewa jepesi lililokaa katikati ya mazito ndilo linalovutwa kuelekea ndani ya kona hadi gurudumu lipande reli. Yote yawe na uzito unaokaribiana. Kama lazima moja liwe zito, liweke nyuma tu ya kichwa, na jepesi liwe mkiani. Kabla hujalaumu uzito, lijaribu kila behewa peke yake: weka reli juu ya ubao wa mita 1 ulioinuliwa sentimita 4 upande mmoja, liachie juu. Linapaswa kushuka lenyewe. Lisiposhuka, ekseli imebanwa au ina uchafu. Liweke pia juu ya kioo. Likiyumba, gurudumu moja haligusi chini. Na kama una vernia (kipimio cha taya cha mafundi), pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja: iwe karibu milimita 14.5. Ikiwa pungufu, gurudumu litagonga na kuruka kila linapopita pointi.

Mchanga wa pwani umwage leo. Chumvi yake huvuta unyevu, chembe zake huingia kwenye ekseli na giya, na mchanga mwingine una chembe nyeusi za chuma zinazokimbilia sumaku ya mota. Uzito uweke chini kabisa, sakafuni mwa behewa: washa (visahani vyenye tundu vya boliti) au nati za chuma, gramu 20 kwa kila moja, zilizopimwa kwa mizani ya jikoni na kugawanywa sawa juu ya ekseli mbili. Juu yake weka sakafu ya kadibodi, halafu mzigo wa kuonekana tu, tabaka jembamba lililobanwa kwa gundi. Makaa yaliyopondwa yanapendeza, vijiti vikavu ni magogo, na uzi wa katani uliokatwa na kufungwa hutoa marobota ya mkonge yanayofanana kabisa na halisi. Chubwi za risasi za wavuvi zinavutia kwa sababu ni ndogo na nzito, lakini sizipendekezi kwenye nyumba ya watoto, na risasi ikikaa na gundi nyeupe ya mbao kwenye unyevu huota unga mweupe unaovimba hadi kupasua behewa.

Kuhusu chaja ya laptopu: nyingi hutoa volti 19 na ampea 3 au zaidi. Mota ya volti 12 itaungua taratibu. Hatari kubwa zaidi ni treni ikianguka na kufunga reli mbili kwa gurudumu. Transfoma ya seti hukata umeme mapema, chaja inaweza kuendelea kusukuma ampea hizo hadi waya na plastiki viyeyuke, mbele ya watoto. Seti yako ya Uingereza imetengenezwa kwa umeme wa volti 230 na plagi kama ya Kenya, kwa hiyo transfoma iliyokuja nayo ndiyo sahihi. Ndugu akikutumia nyingine kutoka Marekani, soma kwanza kibandiko chake: ikiandikwa 120V tu, usiichomeke ukutani.