Kidude cha kupunguza umeme wa LUKU, nikinunue au niache?

SWALI: Kaka wa maswali habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Makorora hapa Tanga. Wiki iliyopita imepita gari ya matangazo na spika yake, wanauza kidude cha kuchomeka kwenye soketi, wanasema ukikiacha hapo umeme unapungua nusu. Elfu 25. Mume wangu kakataa kabisa ila jirani yangu anacho na anaapa kinafanya kazi, zamani akinunua umeme wa elfu kumi hazimalizi wiki mbili sasa hivi zinafika wiki tatu, na huyu jirani sio mtu wa uongo namjua miaka yote. Nishike lipi? – Mama Makorora

JIBU: Dada yangu usinunue. Na jirani yako nakubali hasemi uongo, kaona alichokiona, ila kilichobadilika sio kile alichoambiwa, na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu hivi vidude vinauzika kwa midomo ya watu waaminifu kama yeye kuliko hata hiyo spika ya kwenye gari.

Kwanza kilichomo ndani. Mimi kazi yangu ni waya, na shangazi yangu wa Ngamiani alikuwa nacho nikakifungua mwenyewe mezani kwake: kapasita moja, yaani kile kifaa kidogo kinachoshika umeme na kuuachia, ndugu yake na ile ya kwenye feni, kitaa cha kijani cha kuonyesha kinawaka na vitu vidogo viwili vitatu basi. Sasa ni kweli kapasita ina kazi yake. Mota ya friji au ya feni inavuta umeme wa kufanya kazi alafu inavuta na mwingine ambao unaenda na kurudi tu kwenye waya, kapasita inapunguza huo wa kwenda na kurudi. Viwanda vikubwa wanatozwa mpaka kwa kVA, kipimo kinachojumlisha umeme wa kazi na huo wa kwenda na kurudi, kwa hiyo nao unawaingia kwenye bili, kwa hiyo wakifunga makabati ya kapasita wanaokoa hela kweli. Wauzaji wameokota ukweli wa kiwandani wakauleta Makorora, ambako mita ya LUKU inahesabu kilowati-saa peke yake, zile tunazoita yuniti, na yuniti zako kile kidude hakizigusi. Tena hicho kitaa chenyewe kinakula kidogo.

Sasa turudi kwa jirani. Kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500, na inakatwa unaponunua mara ya kwanza ndani ya mwezi. Kwa mteja wa kawaida elfu kumi inaleta kama yuniti 28, ukikatwa kodi kwanza zinabaki kama 24. Mtu kanunua tarehe mbili kapata 24, katikati ya mwezi kachomeka kidude, kanunua tena elfu kumi ileile kapata 28, lazima aseme kinafanya kazi jamani, hata mimi ningesema. Alafu muulize alikinunua mwezi gani, maana Januari mpaka Machi joto la Tanga unalijua, feni haizimwi usiku kucha na friji haipumziki, ikifika Juni Julai kusi inavuma feni imezimwa na friji nayo inapumzika, yuniti zinakaa tu zenyewe. Na mtu akishatoa elfu 25 anaanza kuzima taa za uani bila kuambiwa.

Kama bado una wasiwasi azima cha jirani mpime wenyewe, ila msihesabu hela, hesabuni yuniti zilizobaki kwenye LUKU. Zimeni vingine vyote, friji nayo muichomoe kwa muda, mchemshe maji lita tano kwa jagi la umeme. Zitaondoka kama nusu yuniti. Rudieni na kidude kikiwa kwenye soketi na maji mengine ya bombani lita tano, itaondoka nusu yuniti ileile. Hapo mmemaliza ubishi na mume wako.

Kinachoniuma zaidi sio hela, ni kwamba kinakaa kwenye soketi usiku na mchana watoto wamelala. Kile cha shangazi kapasita ilishavimba na plastiki ya nyuma imegeuka rangi, ameishi nacho hivyo sijui miezi mingapi na hakuna aliyemwambia. Mwambie jirani akichomoe leo.

Hiyo elfu 25 ni kama yuniti 70, zitie kwenye LUKU. Alafu angalia raba ya mlango wa friji, bana karatasi mlangoni uivute, ikitoka kirahisi baridi inavuja na friji inakula bure, raba mafundi wanabadilisha. Pasi nguo za wiki kwa mara moja. Taa ya LED ya wati 9 inatosha pale ulipokuwa na ile ya zamani ya wati 60.

Na jirani kama ana risiti na boksi asitupe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa na Tume ya Ushindani, FCC, wanapokea malalamiko. Apige picha maneno yaliyo kwenye boksi, ile "nusu" yao ikiwa imeandikwa ndo ushahidi.

SWALI: Eti sabuni ya kuua vijidudu 99.9% ni bora kuliko sabuni ya mche? Nyumbani tunagombana. – Kijana wa Chumbageni

JIBU: Hiyo 99.9 inapimwa maabara, kwa vijidudu walivyovichagua na kwa muda waliouchagua, mikono yako wewe ukitoka sokoni Mgandini haimo humo. Marekani mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa iliwaambia wenye hizo sabuni waonyeshe zinashinda sabuni ya kawaida na maji, hawakuonyesha, viambato 19 vikapigwa marufuku kwenye sabuni za kunawia majumbani, triklosani ikiwemo. Kata mche wako, sugua mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha, suuza kwa maji yanayotiririka.