Kwa wawezeshaji wapya mnaoenda kufundisha walimu wenzenu huku Dodoma

Naona walimu wengi vijana wamepewa uwezeshaji wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwenye shule na kata zao, hongereni, alafu poleni kidogo maana swali la kwanza mtakaloulizwa ni posho iko wapi. Kwa wale mliopewa mada ya ujumuishi na usawa darasani nawapa haya ya kwangu, mnaotaka chukueni.

Usianze na maana ya ujumuishi. Walimu wanaijua, wameshaiandika sana kwenye madaftari ya semina, na ukiwauliza kama wanabagua watoto wote watakwambia hamna, na hawadanganyi, ndo wanavyojiona. We chukua karatasi chora madawati yalivyopangwa, kaa nyuma ya darasa kipindi cha hisabati, kila mtoto akiulizwa swali weka kijistari kwenye dawati lake. Kipindi kikiisha mpe mwalimu karatasi yake, nyamaza. Utakuta vistari vimerundikana mbele na katikati, kwa mtoto wa mwalimu mwenzetu, mtoto wa mwenye duka, wale wenye Kiswahili cha kuteleza, kule nyuma dirishani kweupe pee. Mwalimu mwenyewe ataanza kuongea, na hapo ndo semina imeanza. Ila hiyo karatasi ni mali yake, ukiipeleka kwa mkuu wa shule au afisa elimu kata hata mara moja tu, hakuna mtu atakufungulia darasa tena kata nzima.

Ukitoka hapo nenda kwenye subira baada ya swali. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alilipima hili miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wanangoja kama sekunde moja hivi ndo wanarukia mwingine, wakijikaza mpaka sekunde tatu majibu yanarefuka na waliokuwa kimya wanaanza kujitokeza. Sasa chukua mtoto wa kijijini Bahi au Chamwino anayewaza kwa Kigogo, swali limemjia kwa Kiswahili, anatakiwa alielewe kwanza, apate jibu, aligeuze Kiswahili ndo anyooshe mkono, sekunde moja inamtosha nini?

Kwenye lugha jiandae na ubishi. Watakwambia sera inasema shule ya msingi tunafundisha kwa Kiswahili, na ni kweli, usibishane nao. Ila mwalimu kapangiwa kutoka Kagera hajui hata kuitikia mbukwenyi, salamu ya Kigogo, ukienda Kondoa ni Kirangi, ukienda Chemba unakuta Wasandawe ambao lugha yao sio ya Kibantu kabisa, ile yenye vidoko, kwaio atajifunza ngapi? Hahitaji. Awaache watoto wawili wawili wajadili swali kwa lugha yao dakika mbili, alafu waseme jibu kwa Kiswahili, basi. Na mtoto wa Kigogo akiandika "chitabu" amsahihishe bila darasa kucheka, maana huyo hajakosea hovyo, kwao ile ki- ni chi-, kafuata kanuni ya nyumbani. Hii inafanya kazi hata kwenye darasa la watoto 90, na mnajua wenyewe ile ya mwalimu 1 kwa watoto 45 ya kwenye makaratasi inavyokuwaga huku.

Alafu wakisikia utamaduni watu wanawaza muheme, ngoma ya Wagogo, siku ya mahafali. Ngoma nzuri, naipenda, ila mtafiti wa elimu Gloria Ladson-Billings alivyoandika nadharia yake ya kufundisha kwa kuzingatia utamaduni wa mtoto, Marekani mwaka 1995, jambo la kwanza alilotaka ni mtoto afaulu kitaaluma, utamaduni wake ndo unaingia kumsaidia afike huko. Mtoto wa kuchunga akirudi jioni anajua kakosekana ng'ombe gani kabla hata hajahesabu. Mwalimu amuulize anajuaje, somo la makundi limeshapatikana hapo. Lakini asigeuze kila swali kuwa ng'ombe, kuna ambao kwao hawana hata mbuzi, na wa mjini kule Area C ng'ombe wanamjua buchani.

La wasichana wengi watalipitia juu juu kwa kuandika "jinsia" kwenye andalio la somo. We omba orodha ya zamu, angalia nani anachota maji ya walimu na nani anafagia ofisi wakati kipindi cha kwanza kinaendelea. Na tangu Novemba 2021 aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi, kwaio uliza amekalishwa wapi, na utani gani unapigwa akiingia, hasa ule unaoanzia kwa walimu.

Msiondoke bila kupanga siku ya kurudi, nayo isigongane na mnada. Mkirudi chora karatasi ileile, mwalimu yuleyule, darasa lilelile. Kama vistari havijasogea msimpe mada mpya, chagueni naye watoto watatu wa dirishani, awaulize hao wiki nzima.