Ukihamia ofisi nyingine ya mawakili, uliza miaka yako itahesabiwa kuanzia lini

Barua yangu ya kwanza ya ofa kutoka ofisi kubwa niliisoma ndani ya daladala, nikitoka Posta kwenda Mwenge. Nilitafuta mstari wa mshahara, nikauona, nikafurahi. Cheo kilikuwa neno moja tu, "asosieti", yaani wakili aliyeajiriwa, asiye mbia, nami sikulitilia maanani. Nilidhani cheo ni heshima, na heshima hailipi kodi ya nyumba. Wakati huo nilikuwa na miaka mitano tangu niapishwe kuwa wakili.

Nilikuwa natoka ofisi ya mawakili wanne, nyuma ya barabara ya Samora. Pale nilifanya kila kitu. Nilimpokea mteja, nikaandika hati ya madai, asubuhi nikasimama Mahakama ya Kisutu na mchana Mahakama Kuu, na hukumu ikitoka nikafuatilia utekelezaji mpaka kwa dalali wa mahakama. Ofisi mpya, iliyokuwa Masaki, ilikuwa na ngazi: asosieti, asosieti mwandamizi, kisha wabia, ndio wenye ofisi. Ilinichukua miezi minne kugundua kwamba nimepangwa pamoja na watu wa mwaka wa pili. Jalada langu la kwanza kubwa nilikabidhiwa na msomi mwenzangu aliyeapishwa miaka miwili baada yangu. Sina neno naye, alikuwa kijana mwema na mwenye akili. Ila yeye ndiye aliyekaa na mteja. Mimi nilitafuta kesi rejea na kupanga viambatisho.

Mwaka ulipoisha nikamwendea mbia aliyeniajiri. Akanieleza kwa upole kwamba pale mtu hupanda kuwa mwandamizi akishamaliza miaka minne katika ngazi ya asosieti, na mimi nilikuwa nimemaliza mmoja. Nikamuuliza ile mitano ya nyuma imekwenda wapi. Akajibu kwamba haikuandikwa popote. Nikafungua barua yangu pale pale mbele yake. Kweli, haikuandikwa.

Jumamosi ile nilikwenda kumsalimia mama mmoja, wakili wa siku nyingi, aliyenilea katika ofisi ya kwanza. Nilimpa shikamoo, nikamwaga yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ulisaini tarehe ya kuanza kazi. Tarehe ya kuanza kuhesabiwa hukuiuliza." Sentensi hiyo ndiyo ninayoipitisha kwa kila kijana anayenifuata koridoni mahakamani na barua ya ofa kwenye simu.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, haina mtu anayeitwa asosieti mwandamizi. Ukishaapishwa na jina kuingia kwenye daftari, wewe ni wakili, na leseni yako ikiwa hai unaruhusiwa kusimama mahakamani, ngazi yako ofisini iwe yoyote. Ngazi ni lugha ya ofisi, na kila ofisi ina yake. Mwandamizi wa ofisi ya watu sita Kariakoo na mwandamizi wa ofisi ya watu arobaini Oysterbay huenda wasifanane kwa lolote. Kwa hiyo usiulize "mtanipa cheo gani" ukaishia hapo. Uliza pale kwao mtu wa ngazi hiyo anafanya nini: anaongea na mteja peke yake? Anasaini barua za kisheria? Anasimamia nani?

Halafu kuna suala la ada, ambalo wengi wetu hatulifikirii. Ofisi inayomtoza mteja kwa saa huwa na kiwango kwa kila ngazi. Ukipangwa chini, saa yako inauzwa kwa bei ya chini, na kazi inayogawiwa kwa bei hiyo ni kazi ya chini. Baada ya miaka miwili utaambiwa hujawahi kuongoza muamala mkubwa, yaani dili la kibiashara la mteja, na itakuwa kweli, kwa sababu hukupewa hata mmoja. Hilo liliniuma kuliko mshahara wowote.

Mara ya pili nilipohama nilijiandaa kwa wiki tatu. Niliandika kurasa mbili za kazi nilizozifanya bila kushikwa mkono, nikaacha nje majina ya wateja na chochote cha siri. Kanuni za maadili za mwaka 2018 zinatubana, na ofisi makini itakuogopa ikikuona unamwaga siri za watu kwenye usaili. Mashauri yaliyoamuliwa ni jambo jingine, kwa kuwa hukumu ni za umma. Niliingia TanzLII, tovuti inayoweka hukumu za mahakama zetu, nikachapisha uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufani na mitatu ya Mahakama Kuu, yote ikinitaja kuwa wakili niliyefika kwa niaba ya mteja. Karatasi hizo zilizungumza kuliko wasifu wangu wote. Kama uliandika hoja lakini akasimama bosi wako, sema hivyo hivyo. Mji huu mdogo, watapiga simu.

Ofisi niliyoomba wakanijibu kwamba nianze kama asosieti, "tutaangalia baada ya miezi sita". Maneno haya utayasikia. Mara nyingi hayasemwi kwa nia mbaya, ila hayana mwenyewe. Nami nilikumbuka kwamba chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo halindwi na masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali. Kipindi ninachoahidiwa kupimwa ndicho nisicho na kinga. Basi nikawaambia: "Nakubali kupimwa. Naomba tuandike tarehe, jina la atakayenipima, na vigezo. Nikifaulu, cheo na mshahara vianze siku hiyo. Na miaka yangu saba ihesabiwe kuanzia siku niliyoapishwa." Nilisema kwa sauti ya kawaida, kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu.

Walirudi baada ya siku nne. Walinipa miaka sita badala ya saba, kwa maelezo kwamba miamala ya benki sikuwahi kuifanya. Lilikuwa kweli, nikakubali. Anayehama kutoka mashauri kwenda kodi au miamala anajifunza upya kwa kiasi fulani, na kushuka nusu hatua ili ufundishwe vizuri si kudhalilishwa. Muhimu ni kujua umeshuka kiasi gani na kwa muda gani.

Yote yaliingia kwenye mkataba. Kifungu cha 15 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi taarifa za msingi za ajira yako, maelezo ya kazi yakiwamo, na zikibadilika akujulishe kwa maandishi. Sisi tunaowaandikia wateja mikataba usiku na mchana ndio tunaoona aibu kuuliza habari za wa kwetu.

Uliza pia nani atalipia leseni yako na ada ya Chama cha Mawakili cha Tanganyika. Leseni inakwisha Desemba 31, na ukihama Novemba kila ofisi inaweza kudhani ni mzigo wa mwenzake.

Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako wa sasa unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome kabla ya kutaja tarehe ya kuripoti. Ukiondoka, dai cheti chako cha utumishi. Ni haki yako. Na mwachie atakayepokea majalada yako orodha ya kila shauri na tarehe yake ya kutajwa au kusikilizwa. Mteja aliyekuamini asije akafutiwa kesi kwa sababu wewe ulikuwa unahesabu ngazi.