Shilingi ya Kiwanda na "Waja Leo Waondoka Leo": Kwa Wachumi Wapya Mnaopangiwa Tanga

Karibuni Tanga. Ukishapangiwa kitengo cha mipango na uchumi, iwe mkoani au kwenye moja ya halmashauri, haitapita muda utaambiwa uandike taarifa ya mchango wa viwanda katika uchumi wa mkoa. Njia nyepesi ni kuandika orodha: kiwanda fulani kipo Pongwe, kingine Gofu, kingine Maweni, kina wafanyakazi kadhaa, kimeuza kadhaa. Taarifa ya namna hiyo inajaza kurasa, lakini bosi wako hawezi kuitumia kuamua lolote.

Swali lililonisaidia miaka yote ni hili: katika kila shilingi inayoingia getini kwa kiwanda, kiasi gani kinabaki Tanga, na kinabaki mkononi mwa nani? Watu wa hapa wana msemo wao maarufu, "waja leo waondoka leo". Shilingi ya kiwanda nayo inaweza kuwa hivyo, na kazi yako ni kujua ipi inaondoka jioni na ipi inalala.

Anza kwa kutenganisha mauzo na ongezeko la thamani. Tuchukue kiwanda cha mfano, si cha mtu yeyote. Kinauza bidhaa za shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Malighafi, mafuta ya mitambo, umeme, vifungashio, usafiri na huduma za kununua vinakula bilioni 7. Kilichoongezwa na kiwanda chenyewe ni bilioni 3, na hizo ndizo zinazoingia kwenye pato la mkoa kwa jina la uzalishaji viwandani. Ukiandika bilioni 10, umehesabu pia mazao ya mkulima ambayo tayari yako kwenye safu ya kilimo, na lori ambalo tayari liko kwenye safu ya usafirishaji. Kosa hili nimeliona hata kwenye taarifa zilizopigwa mihuri mitatu.

Zile bilioni 3 nazo zifungue. Ndani yake kuna mishahara, faida, riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Mishahara milioni 900, tuseme, sehemu kubwa italiwa hapa hapa: kodi ya chumba Majani Mapana, ada ya shule, samaki wa soko la Deep Sea, nguo za Ngamiani. Faida inamfuata mwenye mali alipo, na mara nyingi hayupo Tanga. Kodi ya mapato inakwenda Hazina na kurudi kwa njia ya bajeti. Kwa halmashauri yako, kinachoonekana moja kwa moja ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa hiyo pato linalozalishwa mkoani na kipato kinachobaki kwa wakazi ni vitu viwili, na taarifa nzuri inaonyesha vyote.

Sasa weka kiwanda cha pili kando ya kile cha kwanza. Nacho kinauza bilioni 10, kinatumia bilioni 7 kununua, kinaongeza bilioni 3. Kwenye jedwali wanafanana kabisa. Ila cha kwanza kinanunua bilioni 4 kutoka kwa wakulima wa Korogwe, Muheza na Handeni, na cha pili kinaleta kila kitu kwa meli. Hapo ndipo tofauti ilipo, na jedwali la ongezeko la thamani peke yake halitakuonyesha. Mchumi Albert Hirschman alilieleza jambo hili mwaka 1958: uzito wa kiwanda katika uchumi unapimwa pia kwa viunganishi vyake, vya nyuma kwa wanaokiuzia na vya mbele kwa wanaonunua bidhaa yake kutengenezea nyingine. Ukiwa chuo unayasoma kama nadharia. Tanga unayakuta barabarani.

Mfano wa kwanza wa kujifunzia ni mkonge, nami nakusihi usiandike neno juu ya viwanda vya mkoa huu kabla hujasimama korona nusu siku. Korona ndiyo mashine ya kuchakata majani, na watu wa mashambani huita hivyo hata jengo lenyewe. Matita yanaingia upande mmoja, majani yanapondwa na kukwanguliwa huku maji mengi yakimwagika, upande wa pili zinatoka singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge, zinazokwenda kuanikwa kwenye nyaya, kisha brashi, kisha kupangwa madaraja na kufungwa marobota. Angalia mfereji wa mabaki: singa haifiki asilimia 5 ya uzito wa jani. Kilichobaki chote ni maji na nyama ya jani. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kubeba majani ya mkonge kwenda kuyachakata Dar es Salaam au Mombasa. Uzito ungemfilisi, na isitoshe jani likikaa siku chache baada ya kukatwa linakauka na singa haitoki vizuri. Asili ya mmea imelazimisha hatua ya kwanza ya kiwanda ikae shambani, na ajira yake ikae shambani.

Hatua ya pili haikulazimishwa na chochote. Singa kavu ni nyepesi, haiozi, inasafiri popote. Tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipouleta mmea huu mwaka 1893 hadi uhuru, sehemu kubwa ya mkonge wetu ilipakiwa kama singa na kwenda kusokotwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 na ilikuwa ya kwanza duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uwekezaji ukapungua, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi tani 20,000 hivi. Watu hubishana sana kuhusu kipi kiliua mkonge, plastiki au utaifishaji. Mimi naona vyote vilichangia, ila linalotuhusu sisi watu wa mipango ni jingine: mkoa uliokuwa unauza singa ulibeba anguko la bei peke yake, kwa sababu ulikuwa na bidhaa moja na mnunuzi wa aina moja. Anayesokota kamba, akafuma mazulia na magunia, akatumia mabaki kuzalisha biogesi kama ilivyojaribiwa Hale, ana milango kadhaa ya kutokea mmoja ukifungwa. Ukiandika juu ya mkonge, tenganisha tani zilizouzwa kama singa na tani zilizosokotwa nchini. Takwimu ya tani zote kwa pamoja inafurahisha masikio tu.

Maziwa yanafundisha somo lile lile kwa njia nyingine. Nenda kituo cha kukusanyia maziwa alfajiri, wakati baiskeli na bodaboda zinafika na madumu. Mpokeaji anachovya laktomita kuona kama yameongezwa maji, kisha anachanganya maziwa kidogo na alkoholi kwenye kichupa na kukitikisa. Yakiganda, dumu linarudi na mwenyewe. Dakika ile moja ndiyo kiwanda kinakutana na uchumi wa kaya. Mfugaji aliyerudishiwa dumu mara mbili anabadili jinsi anavyokamua, ananunua chombo cha chuma badala ya plastiki, anaanza kuuliza bei ya pumba na mashudu, anamwita daktari wa mifugo mapema. Hakuna semina ya ugani inayofundisha kwa kasi hiyo. Na kwa kuwa anayepokea malipo kwa mkupuo kila baada ya muda maalumu anaweza kukopesheka, duka la pembejeo na SACCOS navyo vinapata uhai. Hayo yote hayamo kwenye idadi ya ajira za kiwanda. Ukihesabu walioajiriwa ndani ya uzio peke yao, umewaacha nje wengi wanaokula kwa sababu ya kiwanda hicho.

Saruji ni kinyume cha maziwa. Iko Tanga kwa sababu ya mawe. Mawe ya chokaa yanapoteza uzito mkubwa kwenye tanuri, kwa hiyo huwezi kuyasafirisha mbali. Unajenga kiwanda juu ya machimbo, na ndiyo maana Pongwe na Maweni vimekuwa vya saruji na chokaa. Ongezeko lake la thamani ni kubwa, mishahara yake ni mizuri kwa kulinganisha, lakini mitambo ndiyo inayofanya kazi, si mikono. Usitegemee saruji iajiri vijana wa wilaya nzima. Kiunganishi chake kikubwa ni cha mbele: mafundi ujenzi, wafyatua matofali, malori. Hapo unauliza maswali tofauti na yale ya maziwa: makaa ya kuchomea yanatoka wapi, umeme unachukua sehemu gani ya gharama, malori ni ya nani, na mashimo yanayobaki yatafanywa nini.

Halafu kuna kiwanda cha mbolea, ambacho wazee wa mji huu bado wanakisimulia. Kilifunguliwa mwaka 1972, kikubwa, cha kujivunia, kwenye nchi ya wakulima inayohitaji mbolea. Kwa maneno ya mkutanoni kilikuwa na kila sababu ya kufaulu. Ila malighafi zake zilitoka nje kwa meli, na hata fosfati, madini ya kutengenezea mbolea, kutoka Minjingu mkoani Manyara ilipoanza kuchangia miaka ya 1980, sehemu kubwa ya mahitaji bado iliagizwa. Nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Uganda kwisha, viwanda vya namna hiyo ndivyo vilivyoumia kwanza kwa kukosa malighafi na vipuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Mtu akikuletea andiko la mradi likisema "nchi ina mahitaji makubwa ya bidhaa hii", kumbuka hiki. Mahitaji hayatoshi. Uliza kiwanda kinakula nini, na chakula hicho kinanunuliwa kwa sarafu gani.

Kuhusu takwimu nitakuwa mfupi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatumia uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi. Ujifunze, maana kupasua mawe ni uchimbaji na kuyachoma kuwa chokaa ni kiwanda, hata kama mwenye mali ni mmoja na uzio ni mmoja. Tafiti nyingi za viwanda huanzia wenye wafanyakazi 10 na zaidi, kwa hiyo maseremala, mashine za kusaga na wachomelea vyuma hawaonekani vizuri. Watafute SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, na kwa maofisa biashara wa kata. Ukilinganisha miaka, tumia bei za mwaka wa kizio, yaani bei za mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa msingi wa kulinganisha, la sivyo utaripoti mfumuko wa bei ukidhani ni ukuaji. Na daima uliza kiwanda kinatumia sehemu gani ya uwezo wake. Jengo linalofanya kazi zamu moja kati ya tatu ni taarifa tosha kuhusu umeme, malighafi au soko.

Mtu atakuuliza kwa nini tuhangaike hivi wakati viwanda ni takriban asilimia 8 tu ya pato la taifa, na kilimo ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Jibu langu ni la mchumi Nicholas Kaldor, aliyelitetea mwaka 1966: uzalishaji viwandani ukikua, tija inapanda ndani yake na inavuta sekta nyingine. Ninaliamini kwa sababu ninaliona. Fundi umeme aliyekaa miaka kwenye kiwanda anatoka na kufungua karakana, anatengeneza mota za pampu za wakulima wa mpunga Mombo. Ujuzi ule haukununuliwa na mtu, na hauonekani kwenye hesabu za kiwanda, lakini umebaki mkoani.

Sasa kazi ya kwanza ninayokupa, kwa kuwa lazima utaulizwa: machungwa ya Muheza. Kila msimu malori yanayabeba kwenda Dar es Salaam na Kenya yakiwa mazima, na kila msimu kuna anayesema tujenge kiwanda cha juisi. Usikubali wala usikatae kwanza. Andika bei ya shambani wakati wa kilele na wakati wa uchache, maana kiwanda kinachoweza kulipa bei ya kilele tu kitakosa matunda miezi mingi ya mwaka. Pima ni kilo ngapi za tunda zinatoa lita moja ya juisi kwa aina wanayopanda wakulima wa huko, ambao kwa kawaida hupanda wakimfikiria mlaji wa tunda. Jua mitambo ingefanya nini msimu ukiisha: embe, nanasi, au kulala. Jua maji safi yatatoka wapi na umeme unakatika mara ngapi kwa wiki. Zungumza na madalali pia, usiwadharau, wao wanajua kila shamba na kila mkulima anayedaiwa. Ukimaliza, weka namba hizo kwenye karatasi moja tuikalie pamoja.