Msimfungie ndani

Pole dada. Umesema kaka yako anakunywa gongo kila siku, akiamka mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, na mnataka kumfungia chumbani wiki nzima aache. Msithubutu! Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla, mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha aweweseke na kuona vitu visivyokuwepo. Wengine hufa hivyohivyo. Mpelekeni hospitali, mkaseme anakunywa kiasi gani bila kumsitiri. Kwa kawaida hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza mwili, dozi ikipunguzwa kidogokidogo, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Macho yakiwa ya njano, mwulizeni daktari kuhusu ini. Ushauri nasaha hufuata akishatulia. Maombi endeleeni nayo, ila daktari kwanza.