Ndugu yako kaovastei Dubai na analala kitandani kwako? Soma hii kabla hujamwambia "tutaona"

Juzi usiku dada mmoja wa Ajman, huku huku Emirates, kanitumia voisi ya dakika saba, nimeisikiliza nikiwa kwenye metro mpaka nikapitiliza kituo changu. Wifi yake alikuja kutembea kwa visa ya siku 60, imeisha, ana mwezi wa pili sasa kaovastei na wifi yupo tu, anapika, anaogesha watoto, na kila dada wa watu akigusia habari ya kurudi mumewe ananuna. Mwisho kabisa akaniuliza "dada, we wa kwako ulimrudishaje bila ugomvi?"

Nikacheka peke yangu watu wakanigeukia. Bila ugomvi! Nani kakwambia bila ugomvi?

Wale mnaonisoma siku nyingi habari ya Zuu mnaijua nusu nusu (Zuu sio jina lake). Yote sijawahi kuisema kwa sababu ilikuwa bado inaniuma, na kusema kweli bado inauma, ila acha leo niitoe huenda ikamsaidia mtu.

Zuu ni mtoto wa mamdogo, Tanga tumekua nyumba moja, tumekula sinia moja, nywele zangu za kwanza kusukwa vizuri alinisuka yeye. Kaja huku tarehe 17 Januari 2024. Visa kakatiwa na wakala wa Dar aliyemwambia akishatua tu kazi zipo nje nje, tiketi nikalipa mimi, ya kuja tu. Ile ya kurudi aliyoonyesha uwanjani ilikuwa bukingi ya wakala ya kuonyesha tu, haijalipiwa hata senti. Mimi nililijua hilo na nikanyamaza, nikasema tutaona. Sasa hilo neno "tutaona" ndo limenila mwaka mzima.

Wanaokaa Deira hapa Dubai mnaelewa maisha ya bedspesi. Chumba kimoja wanawake sita, vitanda vya juu na chini, kila mtu na pazia lake. Mimi nalala cha chini. Zuu alipofika tukawa wawili kwenye godoro la mtu mmoja, mmoja kichwa huku mwingine kule, nimeamka na kisigino cha mtu shavuni siku sijui ngapi. Tulimwambia mwenye chumba ni wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuhesabu viatu mlangoni.

Kazi za visa ya kutembea hazipo jamani. Yaani zipo ila ni zile za kufichwa, na anayekuficha ndo anakulipa anavyotaka. Kazunguka na sivii yake Rigga, Karama, Satwa, miguu ikavimba. Machi siku zikaisha, na Ramadhani ndo imeanza, nikaona aibu kumwambia mtoto wa watu rudi kwenye mwezi mtukufu. Tukalipa kuongeza siku 30, nikalipa mimi. Zikawa zinaishia tarehe 16 Aprili, tukakubaliana tule Idi pamoja afu aondoke, na safari hii tiketi nikanunua ya kweli, ya usiku wa tarehe 16 hiyohiyo.

Waliokuwepo Dubai siku ile mmeshaanza kuguna. Mvua iliyonyesha tarehe 16 Aprili 2024 walisema haijawahi kutokea miaka 75 tangu waanze kuweka rekodi. Tulitoka na begi, maji magotini, teksi hakuna, metro imekwama, ndege zinafutwa moja baada ya nyingine. Tukarudi chumbani tumelowa chepechepe. Zuu kakaa kwenye ukingo wa kitanda anakamua dera lake, kaniangalia kasema "dada, Mungu hataki niondoke".

Na mimi mjinga nikacheka.

Ndege zikarudi hewani baada ya siku chache, tiketi ilikuwa inabadilishwa bila gharama, mwenzangu anaumwa kichwa. Kesho yake anaumwa tumbo. Halafu serikali ikatangaza kwamba waliokwama kwa ile mvua kati ya tarehe 16 na 18 hawatadaiwa faini, basi ndo nikawa nimekwisha, maana hiyo ikawa ndo aya yake. "Unaona dada? Hawa watu wanasamehe." Akamtafuta na jamaa mmoja wa Sharjah aliyenufaika na msamaha wa 2018 wa walioovastei, jamaa kamwambia kaa tu, msamaha utakuja.

Sasa nisikilizeni. Faini ya kuovastei huku ni dirham 50 kwa siku, na inaanza kesho yake visa ikiisha, zile siku kumi za huruma za zamani kwenye visa za kutembea zilishaondolewa. Dirham 50 kwa hela yetu mwaka ule ilikuwa kama elfu thelathini na sita. Kila siku! Umelala, umeamka, umeenda msalani, elfu thelathini na sita. Kwa mwezi ni dirham 1,500, kuna watu chumbani kwetu huo ndo mshahara wao wote. Na ukiacha ule wa korona wa 2020, kutoka msamaha wa 2018 mpaka uliofuata ilipita miaka sita. Piga mwenyewe 50 mara siku za miaka sita, inazidi dirham laki moja. Huyo jamaa wa Sharjah hakuwa na akili, alikuwa na bahati, na bahati ya mtu haiazimwi.

Mei mpaka Julai sitaki hata kuhadithia. Joto, kununiana, yeye anasuka nywele kwenye fleti ya mama mmoja aliyegeuza sebule kuwa saluni, mimi kila nikisikia mlango unagongwa roho inaruka. Pasi yake aliifunga kwenye kanga akaisokomeza chini ya godoro upande wangu. Upande wangu mimi! Niliigundua nikitandika shuka, nikakaa chini sakafuni nikaiangalia kama nimeona nyoka, kwa sababu kumuhifadhi mtu asiye na karatasi nchi hii nalo ni kosa, na mimi ndo mwenye Emirates ID, kitambulisho cha mkazi, mimi ndo mwenye kazi ya kupoteza. Niko ofisi ya kago, nafunga mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, ndo hiyohiyo inasomesha wadogo zangu wawili. Zuu akikamatwa anarudishwa kwao. Mimi je?

Ndo nikampigia mamdogo. Ndugu zangu kama kuna kitu kimoja nataka mkichukue hapa ni hiki, simu ya nyumbani piga MAPEMA. Mimi nilipiga Agosti. Miezi minne nilikuwa namwambia mamdogo "Zuu hajambo, anahangaika hangaika", namstahi, kumbe naye Zuu anamwambia mama yake kashapata kazi anasubiri tu karatasi zitoke. Kwa hiyo nilivyosema "mamdogo shikamoo, Zuu inabidi arudi" yule mama alisikia kitu kingine kabisa, alisikia dada mtu kaona mdogo wake anataka kufanikiwa roho imemuuma. Kaniambia taratibu, hata hakupandisha sauti, "mwanangu, riziki ya mwenzio usiizibe". Nilikata simu nikalia kwenye ngazi za jengo.

Kwenye grupu la ukoo ikawa mada. Mjomba ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro kaandika mgeni njoo mwenyeji apone. Nilitamani nimwandikie mjomba mwenyeji haponi, mwenyeji analala na kisigino shavuni. Sikuandika. Nimelelewa.

Mwezi huohuo wa nane yakatokea mawili. Sheria ya kazi ikabadilishwa, anayemwajiri mtu bila kibali faini ikawa inaanzia dirham laki moja mpaka milioni. Yule mama wa saluni ya sebuleni kusikia hivo tu kamtumia Zuu meseji moja asirudi tena, na hela ya wiki mbili hakumpa mpaka leo, utamshtaki wapi? Na pili msamaha kweli ukatangazwa, kuanzia 1 Septemba mpaka mwisho wa Oktoba, unaondoka bila faini na bila kufungiwa kurudi. Mimi nikajua yameisha. Zuu akasema miezi miwili mingi, asikimbilie. Septemba ikapita. Oktoba ikapita, tunapelekana hivo hivo, tarehe 31 yenyewe wakasogeza mbele mpaka 31 Desemba. Mnaweza kudhani alisema nini. "Si nilikwambia."

Hapo nilibadilika, na sijutii. Nilimpigia mamdogo video nikamwekea Zuu kwenye kioo pembeni yangu, kalkuleta mkononi, nikahesabu siku moja moja toka Aprili kwa sauti, nikasema mamdogo hii ndo hela mnayotakiwa kunitumia kama mnataka abaki, maana Desemba ikipita hakuna wa kusamehe tena. Kimya. Mamdogo kauliza "Zuu, anayosema dada yako kweli?" Zuu kaangalia chini. Basi. Miezi saba ya ugomvi iliisha kwa swali moja, na hilo swali lingeulizwa Aprili tusingefika huko.

Tulianzia ofisi ya Amer, zile za huduma za visa, wakasema kwa kuwa hajawahi kuchukuliwa alama za vidole huku aende kituo cha uhamiaji cha Al Awir. Nilitegemea kufokewa, hatukufokewa, kuna mahema watu wamekaa kwa mistari wanangoja zamu zao. Shida ilikuwa vidole vyenyewe. Mashine haisomi. Anaweka vinne, inakataa, kidole gumba, inakataa. Yule askari wa kike kageuza mkono wa Zuu juu, kaangalia, kauliza anafanya kazi gani, moyo wangu ukasimama. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kioo kwa kusuka na jeli miezi yote ile. Kampa kitambaa cha maji afute, kasugua, kasugua tena, mara ya tano ikakubali. Hajauliza tena swali. Zuu alipotoka pale machozi yanamtoka na ndo mara ya kwanza tangu aje nikamshika mkono barabarani.

Kapanda ndege 14 Novemba. Siku 210, dirham 10,500 ambazo hakulipa, kwa hela ya nyumbani ni zaidi ya milioni saba. Tiketi kalipa nani? Mnajua.

Haya dada yangu wa Ajman, sasa nakujibu wewe. Kwanza acha kusubiri msamaha, ule uliisha 31 Desemba 2024 na hata wenyewe ulikuwa haumgusi mtu aliyeovastei baada ya 1 Septemba. Pili angalia leo hii faini imefika ngapi, visa iliyotolewa Dubai inaangaliwa kwenye tovuti ya uhamiaji ya Dubai, za Ajman, Sharjah na kwingine kwenye ya ICP, mamlaka ya uhamiaji ya Emirates yote, unaweka namba ya faili na ya pasi, usikubali ya kuambiwa na wakala. Tatu kaa na mumeo umuulize visa ya dada yake imeombwa kwa jina la nani, kama ni lake yeye basi anayenuna ndo mwenye mzigo, na kama ni la wakala basi ujue wakala akichoka anaweza kumripoti kama mtoro na hapo mambo yanahama kabisa kutoka kwenye faini. Nne piga nyumbani. Hiyo nimeshasema lakini naisema tena, piga nyumbani, hesabu kwa sauti, wifi akiwa amekaa hapohapo.

Na wengine wote ambao mgeni bado hajaja, tiketi ya kurudi iwe imelipiwa na ushike wewe. Sio bukingi. Imelipiwa. Tunajifanya wakarimu uwanja wa ndege halafu tunakuwa maadui chumbani, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa yule mtu aliyesema "rudi". Semeni. Mtaitwa wachoyo, mtaitwa wenye roho ya kwa nini, Idi itapita hakuna anayekutumia hata picha ya pilau, mimi ilinipitia hiyo. Lakini mtu akiondoka na jina safi kwenye kompyuta za uhamiaji atarudi.

Na karudi kweli. Mwaka jana, kwa visa ya kazi halali kabisa, saluni ya kweli yenye leseni Sharjah. Sikuambiwa na mtu, niliona kwenye status yake, picha uwanjani na begi jipya, kaandika anawashukuru wote waliomuombea na kumshika mkono. Kawataja tisa, nimehesabu. Mimi simo. Nikaandika mashallah nikaweka simu chini.

Wiki iliyopita ndo katuma meseji, hata salamu ya maana hamna. "Dada lile begi langu la kijani bado lipo?" Lipo, chini ya kitanda, limejaa rasta za kusukia na kanga aliyofungia pasi. Nimemwambia Ijumaa nipo, aje baada ya swala, nitapika.