Mvi za kidevuni zimegoma kwa leza: nizitoeje zisirudi?

SWALI: Nina miaka 46. Kidevuni nina nywele ngumu, nyingine nyeusi, nyingine zimeshakuwa mvi. Nimepigwa leza mara sita. Nyeusi zimepungua sana, lakini nyeupe zipo vilevile. Kliniki wanasema niongeze awamu nne, au nizipake rangi nyeusi kwanza ndipo wapige. Nifuate lipi?

JIBU: Dada, kwa mvi usifuate lolote kati ya hayo mawili. Leza hutafuta melanini, ile rangi iliyomo kwenye unywele na mzizi wake. Melanini hufyonza mwanga na kuugeuza joto, na joto hilo ndilo linaloua sehemu inayootesha unywele. Mvi haina melanini. Nywele za rangi ya dhahabu zinayo kidogo mno, na nyekundu zina melanini ya aina nyingine, inayofyonza mwanga huo kwa shida. Iwe ni mashine ya aleksandraiti ya nanomita 755, ya dayodi ya 810 au Nd:YAG ya 1064, kwenye mvi hakuna cha kupata moto. Wakiongeza nguvu, kitakachoungua ni melanini ya ngozi yako, na utaambulia malengelenge na madoa.

Kupaka rangi nako hakusaidii. Rangi hushika sehemu ya unywele iliyotokeza nje, ilhali mzizi uko milimita kadhaa chini ya ngozi, na rangi haifiki huko. Ile inayobaki juu ya ngozi ndiyo itakayopokea mwanga na kukuunguza.

Njia inayoondoa mvi moja kwa moja ni elektrolisisi, kwa kuwa haijali rangi. Ilianza mwaka 1875 nchini Marekani, pale daktari wa macho Charles Michel alipoitumia kuondoa kope zinazoota kuelekea ndani ya jicho. Sindano nyembamba sana huingizwa kwenye kinyweleo, yaani kile kishimo unywele unamoota, kisha umeme kidogo hupitishwa. Kila unywele hushughulikiwa peke yake.

Ipo ya aina tatu. Ya galvaniki hutumia umeme wa mkondo mmoja unaogeuza maji na chumvi ya ndani ya kinyweleo kuwa magadi makali yanayoyeyusha mzizi. Ni ya uhakika ila ni ya polepole. Thamolisisi hutumia umeme wa masafa ya juu, mara nyingi megahezi 13.56, kuunguza mzizi kwa sekunde moja au chini ya hapo. Ya tatu, blendi, huunganisha zote mbili. Kwa kidevu chako ningeanza na blendi. Nywele zilizong'olewa kwa kibano miaka mingi huwa na vinyweleo vilivyopinda, na sindano iliyonyooka haifiki kwenye mzizi wake. Joto hukaa jirani na sindano tu, ila magadi ni majimaji, nayo hufuata kona hadi chini. Magadi hupimwa kwa uniti: miliampea 0.1 kwa sekunde moja ni uniti moja. Unywele mgumu wa kidevu huhitaji kama uniti 60, kwa mfano miliampea 0.6 kwa sekunde 10.

Kazi nzuri utaitambua mwenyewe. Sindano ikiingia sawasawa kwa kufuata mwelekeo wa unywele, hutahisi kuchomwa. Utahisi joto au mwasho umeme unapopita. Baada ya hapo unywele unapaswa kuteleza wenyewe kibano kinapoushika, mara nyingi ukiwa na utando unaong'aa kuzunguka mzizi. Ukihisi umenyofolewa, huo umeng'olewa tu na utarudi. Mwambie mtaalamu papo hapo, arekebishe kina cha sindano au muda wa umeme.

Kabla ya kuanza, acha kibano, uzi na nta, kwa sababu unywele uliong'olewa hauachi njia ya kuongoza sindano. Kunyoa au kukata kwa mkasi ni sawa, ila ziache siku tatu hadi tano zitokeze kama milimita 2. Mvi hazionekani kirahisi, kwa hiyo uliza kama wana lenzi ya kukuza na taa inayomulika kwa pembeni. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, usikubali umeme huu kabla ya daktari wako kuruhusu. Kama ngozi yako huota keloidi, yaani makovu yanayovimba, au huacha madoa meusi hata kwa chunusi, omba wajaribu nywele chache kwanza, usubiri wiki sita, na watumie sindano iliyofunikwa shina lake isiunguze ngozi ya juu.

Jipange kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, mwanzoni kila wiki au kila wiki mbili. Nywele huota kwa zamu, na nyingi unazoziona baada ya mwezi ni zile zilizokuwa zimelala. Wengi hukata tamaa hapo, na ni hasara kubwa. Baada ya kila kikao usipake vipodozi wala kugusa eneo kwa saa 24, na usibandue vigaga. Kubandua ndiko kunakoleta makovu.

Nyeusi zilizobaki, zimalize kwa leza sasa kabla nazo hazijawa mvi. Ila wasipige yale malaika laini ya mashavuni, maana leza ikiyapasha joto bila kuyaua huweza kuyafanya yawe mazito.

Na kama nywele hizi zilizuka ghafla, au hedhi yako ilivurugika wakati huohuo, pima homoni kwanza. Homoni za kiume zikiwa juu, vinyweleo vingine vitaendelea kuamka pembeni ya vile vilivyokwisha kuuawa, na utadhani elektrolisisi imeshindwa.